Chama cha walimu wastaafu wilayani: tuache kuku, tushike mafaili. Karibuni tujadili

#1 Katibu Mstaafu (mleta uzi)

Wanajamvi, shikamooni wakubwa. Wadogo, marahaba.

Kila baada ya muda naona mtu anauliza humu: mama yangu kastaafu ualimu, anaambiwa ajiunge na chama cha walimu wastaafu wilayani, kina faida gani? Majibu huwa ni yale yale, kwamba hivyo ni vyama vya kushona vitenge vya sare na kunywa soda. Mimi ni katibu wa chama cha namna hiyo katika wilaya mojawapo ya Mkoa wa Singida. Nitaeleza tunachokifanya, na nitasema wazi kipi naona kina maana na kipi tukiache. Jina la chama silitaji, la mtu ndiyo kabisa.

Kwanza mjue wanachama wetu ni akina nani, maana shida zao zinaanzia hapo. Wengi ni walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, lakini mwalimu hajengwi kwa tofali. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapewa darasa huku wao wenyewe wakiendelea kusomeshwa vituoni, kwa masomo ya posta na ya redio. Baadaye wengine wakaenda vyuo vya ualimu vya Kinampanda, Mpwapwa, Bustani na kwingineko kumalizia. Hawa walitimiza miaka 60 katika miaka ya 2010 na mwanzoni mwa ile ya 2020, na ndio wanaojaza viti vyetu.

Sasa mtazame huyo mtu kwa upande wa karatasi. Kazaliwa kijijini bila cheti cha kuzaliwa. Kaajiriwa kwa jina la ubatizo na la baba, akaolewa, kadi ya benki ina jina la mume, kitambulisho cha NIDA kina jina la babu. Kahamishwa wilaya kadhaa. Wilaya nazo zimegawanyika, kama Mkalama ilivyotoka Iramba mwaka 2012, kwa hiyo karatasi za mtu mmoja zinaweza kulala ofisi zaidi ya moja. Mamlaka yake ya nidhamu ilikuwa TSD, yaani Idara ya Utumishi wa Walimu, ikaja Tume ya Utumishi wa Walimu. Mfuko wake wa pensheni ulikuwa PSPF au LAPF, na Agosti 2018 yote ikaunganishwa pamoja na GEPF na PPF kuwa PSSSF, mfuko mmoja wa watumishi wa umma. Aliyefundisha miaka 36 bila doa anafika dirishani anaambiwa, "Mwalimu, barua yako ya kuthibitishwa kazini haionekani."

Hapo ndipo chama kinapofanya kazi ambayo sijaona mwingine akiifanya. Tuna dawati kila Jumanne, chini ya mwembe wa ofisi ya kata wakati wa kiangazi, ndani wakati wa masika. Mtu anakuja na mfuko wa rambo umejaa makaratasi. Tunayatandaza na kuyapanga kwa miaka: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa, za kupandishwa daraja, hati ya mshahara ya mwisho. Pengo likionekana, tunaandika barua kwenda kule lilikopotelea. Barua ya chama yenye muhuri inajibiwa upesi kuliko ya mzee mmoja mmoja, usiniulize kwa nini. Majina yakigongana, tunamwelekeza kwa wakili au hakimu kula kiapo, na kama tofauti ni kubwa, kusajili hati ya kubadili jina. Tuna mwalimu mmoja aliyekuwa mtaaluma wa wilaya, anakumbuka nani alifundisha shule gani na lini. Yeye peke yake ni sawa na kabati zima la kumbukumbu.

Kazi kubwa ya pili ni mirathi. Mwalimu akifa, mjane au mgane anabaki na simu inayolia pole na hajui aanzie wapi. Sisi tunakwenda kwenye matanga na kalamu. Siku ukoo unapoketi, tunahakikisha muhtasari unaandikwa, una majina ya warithi wote (wa nyumba ndogo pia, samahani kwa kusema ukweli), na umesainiwa. Kisha cheti cha kifo kwa wakala wa usajili, RITA, kisha mahakamani kumthibitisha msimamizi, kisha mfuko. Familia ikikosea hatua ya kwanza, hizo nyingine zote zinasimama. Nimeona warithi wakizungushwa miaka kwa sababu ya muhtasari ulioandikwa jina la marehemu bila herufi moja.

Tatu, uhakiki, yaani mstaafu kuthibitisha kwamba bado yupo hai. Siku hizi mstaafu wa PSSSF anaweza kujihakiki kwa simu janja kupitia PSSSF Kiganjani. Jambo zuri. Ila mwanachama wetu wa miaka 74 ana simu ya tochi, na macho yana mtoto wa jicho. Vijana wa familia za wanachama wanatusaidia, tunazunguka kata kwa kata. Katika mizunguko hiyo ndipo tunapogundua nani kitandani, nani kalala njaa, nani pensheni yake anaila mjukuu.

Nne, Jumamosi tunafundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na mtoto anaweza kufika la nne hajui "ba" na "da". Kwa idhini ya mwalimu mkuu na ya wazazi tunakaa nao kidogo kidogo, sita sita, bila malipo. Sitasema mengi hapa, anayejua kufundisha darasa la kwanza anaelewa raha yake.

Misiba na wagonjwa ni kama kila chama, kufa na kuzikana.

Tatizo ni miradi. Kila mkutano mkuu anasimama mtu: tufuge kuku, tununue mashine ya kukamua alizeti, tukodishe viti na maturubai. Kuku tulifuga. Mdondo ulipita ndani ya wiki moja, na michango ya mwaka mzima ikazikwa shimoni nyuma ya banda. Bado mwaka huu wanataka tena, safari hii kuku wa mayai. Mimi napinga. Nasema wazee wa miaka 65 na zaidi tusigeuze chama kampuni. Tubaki na mafaili, mirathi, uhakiki na darasa la Jumamosi. Ada ya mwaka na harambee ya msiba vinatosha.

Wenzangu wananiita mpinga maendeleo. Nawasilisha.

#2 Dogo wa Mabibo

Shikamoo mwalimu. Nimekaa dawati la mbele, sipigi kelele.

#3 Jembe la Mkono

Katibu, heshima yako. Lakini hapa umeteleza. Chama bila kitega uchumi kinaishi kwa huruma ya ada, na ada za wastaafu unazijua. Mwezi wa kwanza wanalipa kumi, wa sita wanalipa wawili. Nauli ya kwenda makao makuu kufuatilia faili la mtu inatoka wapi? Karatasi, fotokopi, muhuri, vocha? Ukiniambia katibu anatoa mfukoni, basi siku katibu akiugua chama kimekufa.

Kuku kufa siyo hoja. Mlichanja? Chanjo ya mdondo ni bei ya soda. Halafu Singida ni nyumbani kwa alizeti, mashine ndogo ya kukamua mkiiweka kwenye mnada mnaishi. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kopeni.

#4 Katibu Mstaafu

Jembe la Mkono, kuhusu nauli umesema kweli. Anayefuatiliwa faili anachangia nauli, asiye nacho chama kinambeba. Ndivyo tunavyojikongoja.

Kuhusu asilimia 10, soma mgawanyo wake: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mzee kwa uzee wake hayumo. Akina mama wetu wanaweza kuunda kikundi chao na kuomba, na wapo waliofanya hivyo, lakini hicho ni kikundi cha wanawake, siyo chama cha walimu. Tukisema chama kikope kupitia migongo yao, siku ya rejesho nani atasimama mbele ya afisa maendeleo ya jamii? Mama yule yule.

Na chanjo tulichanja. Kuku wa jirani hawakuchanjwa.

#5 Binti wa Mwalimu

Jamani naombeni ushauri, msinicheke. Mama yangu alistaafu 2019, yupo Dodoma vijijini. Juzi nimegundua pensheni yake haipokei yeye. Kuna mtu wa mikopo anashikilia kadi yake ya benki na namba ya siri. Kila mwezi mtu huyo anakwenda kwenye mashine, anatoa zote, anamrudishia mama elfu ishirini "ya sabuni". Mkopo wenyewe ulikuwa wa kumlipia mdogo wangu ada. Mama anasema ni aibu, nisiseme. Chama cha kwao kipo lakini hataki wajue.

#6 Mama Kiomboi

Binti, pole mwanangu. Huyo siyo wa kwanza wala wa pili, wapo wengi na wote wananyamaza kwa sababu hiyo hiyo ya aibu. Kausha damu hawa wanaishi kwa aibu ya watu.

Fanya hivi. Mchukue mama mwenyewe, na kitambulisho chake, muende tawi la benki. Aombe kadi ifungwe, apewe nyingine na namba ya siri mpya. Kadi ni ya mwenye akaunti, haihitaji ruhusa ya mkopeshaji. Deni halijafutika, hilo mwelewe. Lakini sasa mnaongea mkiwa na pesa mkononi. Mwambieni alete mkataba na hesabu: mlikopa ngapi, amekwishachukua ngapi. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, mwombeni aionyeshe. Wengi wakiombwa leseni sauti inashuka. Akitishia, serikali ya mtaa na polisi vipo.

Na mama umwambie: chama akijulishe. Kwetu tulikuwa na watatu wa namna hiyo, hakuna aliyecheka.

#7 Binti wa Mwalimu

Asante sana mama. Nitakwenda mwisho wa mwezi, kabla pensheni haijaingia.

#8 Mahesabu ya Jioni

Katibu, kuna shughuli moja umeisahau, na kwangu ndiyo iliyonifanya niheshimu vyama hivi: semina kwa wanaokaribia kustaafu. Kwetu wastaafu walitualika sisi wa miaka 55 kwenda juu, wakasimamisha ubao, wakafundisha kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao, kama wanavyofundisha hesabu za darasa la sita. Naweka hapa, anayetaka anakili.

Chukua mwalimu mwenye utumishi wa miaka 35, yaani miezi 420. Wastani wa mishahara bora ya miaka mitatu ndani ya ile kumi ya mwisho uwe 1,200,000 kwa mwezi, kwa mwaka 14,400,000. Zidisha miezi 420 kwa 14,400,000, gawa kwa 580. Unapata kama 10,427,586. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka. Sasa mkupuo, yaani fedha unayolipwa mara moja ukistaafu: zidisha kwa 12.5, kisha kwa asilimia 40. Ni kama milioni 52.1. Inayobaki, asilimia 60, igawe kwa miezi 12, ni kama 521,000 kila mwezi mpaka unaingia kaburini.

Kanuni zilipoanza Julai 2022 mkupuo ulikuwa asilimia 33, mwalimu huyo angepata kama milioni 43 na pensheni ya mwezi kama 582,000. Bajeti ya 2024/25 ndiyo ilipandisha mpaka 40 kwa waliokuwa kwenye mifuko iliyokuwa ikitoa 50, yaani PSPF na LAPF. Waliokuwa kwenye asilimia 25 wakapandishwa mpaka 35.

Siku ile walimu watatu walitoka kwenye semina wakaahirisha kununua gari.

#9 Sauti ya Nyikani

Mahesabu, malizia basi hesabu yako. Ya zamani ya PSPF ilikuwa gawa kwa 540, chukua nusu, zidisha kwa 15.5. Mwalimu wako huyo huyo angeondoka na milioni 86.8. Leo 52. Hiyo tofauti ya karibu milioni 35 ni nyumba! Chama cha wastaafu kisipopiga kelele juu ya hili kinafaa nini? Mnapanga karatasi wakati mtu kaibiwa mchana.

#10 Mahesabu ya Jioni

Mkuu, kwa kanuni ya zamani pensheni ya mwezi ingekuwa kama 467,000, na sasa ni 521,000. Sisemi inafidia, nasema weka pande zote mbili ubaoni. Mwenye afya na miaka mingi mbele na mwenye sukari na presha hawatasoma hesabu hiyo kwa namna moja.

#11 Katibu Mstaafu

Sauti ya Nyikani, kelele zilipigwa. Mwishoni mwa Desemba 2018 Rais Magufuli alisimamisha kikokotoo cha asilimia 25, akarudisha cha zamani mpaka 2023, na hata hiyo 2023 haikufika. Mwaka 2024 ikapanda mpaka 40 baada ya bunge na vyama vya wafanyakazi kulisema jambo hili karibu kila kikao. Kwa hiyo kelele zina kazi yake, ila wenye sauti hapo ni walio kazini, wanaokatwa michango leo. Sisi tumekwishatoka. Chama cha wilaya chenye muhuri mmoja na mwembe hakiwezi kubadili kanuni, lakini kinaweza kumpata mtu ambaye barua moja iliyopotea inamkosesha hata hizo 52.

Semina ni kweli niliisahau, Mahesabu. Nasi tunafanya. Sehemu ninayoipenda ni pale tunapowaambia juu ya matapeli. Mafao yakikaribia kutoka, simu zinaanza: "Mwalimu, napiga kutoka mfukoni, faili lako liko mezani kwangu, tuma laki mbili nilisukume." Anakutajia cheki namba yako, shule yako, tarehe yako ya kustaafu. Taarifa anazitoa wapi ni mjadala wa siku nyingine. Jibu letu ni moja: kata simu, njoo Jumanne.

#12 Mwalimu wa Bonde la Ufa

Hamjambo wenzangu. Nawasoma kutoka Kenya. Huku kwetu walimu wastaafu waligeukia mahakama. Mwaka 1997 serikali ilikubali nyongeza ya mishahara ya walimu ilipwe kwa awamu ya miaka mitano. Waliostaafu kati ya 1997 na 2003 pensheni zao zikakokotolewa bila nyongeza kamili. Walimu kama 52,000. Wakaenda Mahakama Kuu ya Nakuru, wakashinda 2008. Mmefikiria ni mwisho? Rufaa, maagizo, bajeti, ahadi. Wengi wamekufa wakiwa na hukumu mkononi.

Kwa hivyo nakubaliana na katibu kwa sehemu. Kesi ilitushikanisha, tulikuwa tunasafiri kwa basi pamoja kwenda kortini na kofia zetu. Lakini kilichomsaidia mjane ni yule mwenyekiti wa tawi aliyekuwa na daftari la majina, namba ya TSC (tume ya walimu ya Kenya) na namba ya pensheni ya kila mtu. Pasipo daftari hata kesi yenyewe haingesimama, kwa sababu korti iliuliza: hawa 52,000 ni nani?

#13 Mpemba wa Wete

Assalaam alaykum. Huku Zanzibar nasi tuna mfuko wetu, ZSSF, hivyo kikokotoo chenu hakituhusu sana. Ila nataka kusema kitu kwa katibu. Tangu Aprili 2016 Zanzibar kila mzee aliyefikisha miaka 70 hupewa pensheni jamii, awe alikuwa mwalimu au mvuvi. Ilianza kwa 20,000 kwa mwezi, siku hizi ni 50,000. Kidogo, naam. Lakini sisi walimu wastaafu hapa tulijipa kazi ya kuwasaidia wazee wasiojua kusoma, wavuvi na wakulima wa karafuu, kuandikishwa. Watu wakaanza kutuona ni wa shehia nzima, si klabu ya wenye cheti. Nyie huko bara mnajifungia wenyewe kwa wenyewe.

#14 Mjukuu wa UPE

Samahani kwa wazee wote humu, ila mtu aseme. Hao walimu wa UPE wa kuchukuliwa darasa la saba ndio walioanza kuporomosha elimu ya nchi hii. Leo mnataka kurudi Jumamosi kufundisha tena KKK? Kwa njia zile zile za fimbo na kukariri? Watoto wana mtaala mpya, acheni vijana wenye diploma ambao hawana ajira wafanye.

#15 Mama Kiomboi

Mjukuu, jina lako lenyewe linasema umetoka mikononi mwa nani.

Mimi ni wa UPE. Nilipewa darasa la watoto zaidi ya sabini nikiwa sijafikisha miaka kumi na minane. Sikuwa mwalimu mzuri mwaka ule wa kwanza, hakuna aliyekuwa mzuri. Lakini usiku huo huo nilikuwa nafundisha mama zao kisomo cha watu wazima. Mwaka 1967 kama theluthi mbili ya watu wazima nchi hii hawakujua kusoma, katikati ya miaka ya 1980 wakabaki kama mmoja katika kumi. Nani alifanya? Wenye diploma?

Hoja yako ya vijana wasio na ajira naichukua lakini. Kwetu Jumamosi tunakaa nao wawili. Wao wanaujua mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili, sisi tunajua kumtuliza mtoto anayelia. Fimbo haiingii. Chaki za rangi tunanunua wenyewe.

#16 Mjukuu wa UPE

Sawa bibi. Shikamoo.

#17 Mchunga Kondoo

Swali kwa katibu, na ujibu bila kuzunguka. Aprili 2017 walitangazwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Miongoni mwao walikuwemo walimu waliofundisha miaka ishirini na zaidi. Mwaka 2022 serikali ikaamua warudishiwe michango yao wenyewe. Hawa mnawapokea chamani? Maana kwetu walikataliwa hata kuchangiwa msiba, na mimi niliona aibu.

#18 Katibu Mstaafu

Swali zito, na kwetu lilichukua mikutano miwili. Katiba yetu inasema mwanachama ni "mwalimu aliyestaafu utumishi". Aliyeondolewa hakustaafu. Upande mmoja walisema tukimpokea tunakubali kughushi. Upande mwingine walisema huyu alifundisha mtoto wangu kusoma.

Tulichoamua: uanachama kamili hapana, hawapigi kura wala kugombea uongozi. Lakini msiba ni msiba, na dawati la Jumanne liko wazi kwa kila mtu. Walipotangaziwa kurudishiwa michango, tuliwajazia fomu wengi kuliko wanachama wetu wenyewe. Wapo waliotushutumu kwa hilo. Mimi niliandika zile barua kwa mkono wangu na ningeandika tena.

Mpemba wa Wete, umenigusa. Kwa upande wa mafaili hatujajifungia, mkulima na mgambo pia wanakuja. Kwa upande wa uanachama, ndiyo, tumejifungia, na hilo nitalipeleka kwenye mkutano.

#19 Jembe la Mkono

Nimesoma yote. Bado nasema mnahitaji pesa. Ila nabadilisha pendekezo: badala ya kuku, tozeni ada ndogo kwa huduma ya dawati kwa wasio wanachama. Mtu anayefuatilia mamilioni hashindwi elfu kumi ya karatasi.

#20 Katibu Mstaafu

Hiyo naikubali nusu. Tukitoza tu, tapeli wa simu na sisi tutaanza kufanana: wote tunaomba pesa ili faili litembee. Kisanduku cha hiari mezani, kimeandikwa "karatasi na nauli", anayetaka aweke. Tutajaribu kuanzia robo ijayo, na hesabu zitabandikwa ukutani kila mwezi ili asiwepo wa kunong'ona.

#21 Kalenda ya Oktoba

Pembeni kidogo. Oktoba 1 ni Siku ya Wazee, Oktoba 5 ni Siku ya Walimu. Chama chetu kila mwaka kinaalikwa zote mbili. Ya kwanza tunakaa na Baraza la Wazee tunapewa mashuka, ya pili tunakaa nyuma ya walimu walio kazini tunaombwa "neno fupi". Mwaka jana mwenyekiti wetu alilichukua lile neno fupi dakika arobaini, kila mtu kwenye jua. Naomba vyama vyote viweke kipengele cha muda wa hotuba kwenye katiba.

#22 Dogo wa Mabibo

😂😂 Dakika arobaini ni kipindi kimoja, hakumaliza mada tu.

#23 Nusu Posta

Katibu, mimi nina miaka 54, bado nipo kazini, shule ya msingi, mkoa wa jirani. Nianze lini kuandaa? Na chama cha kwetu nimesikia hakijasajiliwa, nina wasiwasi kuwapa karatasi zangu.

#24 Katibu Mstaafu

Mwalimu, anza leo. Hiari ni 55, lazima ni 60, na mwaka wa mwisho si wakati wa kutafuta barua ya 1995. Nenda kwa mwajiri wako ukague jalada, kisha ukaangalie michango PSSSF kama miezi yote ipo. Mwezi mmoja ukikosekana sasa, mhasibu aliyekuwepo bado unaweza kumpata. Ukisubiri, naye atakuwa amestaafu au amezikwa.

Hakikisha jina ni moja kwenye NIDA, benki, mfuko na cheti cha kidato cha nne. Bima nayo uiulize mapema, NHIF mstaafu anabaki na mwenza wake, watoto wanatoka kwenye kadi, kwa hiyo mwenye wadogo ajipange.

Kuhusu chama ambacho hakijasajiliwa: usimwachie mtu karatasi halisi, chama kiwe kimesajiliwa au la. Kwetu hatupokei halisi, tunatazama nakala na kumrudishia mtu mfuko wake siku hiyo hiyo. Waambie wakasajili. Kama ni jumuiya ya wastaafu, ni kwa msajili wa jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kama ni kikundi cha kuweka na kukopa, ni halmashauri, chini ya ile sheria ya 2018 aliyoitaja Mama Kiomboi.

#25 Nusu Posta

Asante mwalimu. Na mke wangu anafundisha shule ya binafsi, yeye yuko NSSF. Naye anaruhusiwa kwenye vyama hivi?

#26 Katibu Mstaafu

Kwetu anaruhusiwa, mwalimu ni mwalimu. Kwa upande wa mkupuo, yeye atakuwa kwenye asilimia 35. Lakini kabla ya asilimia, aende NSSF akaombe taarifa ya michango yake ahesabu miezi. Shule za binafsi mtu anahama hama, na pensheni inataka isipungue miezi 180. Akiwa na 170 bado ana muda wa kufundisha kumi mingine. Mje wote wawili Jumanne yoyote mkipita Singida. Njooni kabla ya saa sita, mchana niko shamba.